Vitu Kumi na Viwili Visivyo na Kazi

Katika miaka yake thelathini na minane ya useremala, Fundi alishawahi kurudishiwa kazi kwa kila aina ya sababu. Meza iliyoyumba, mlango uliovimba mvua zilipoanza, kitanda ambacho wenyewe walisema kinapiga kelele hadi kwa jirani. Hayo ni mambo ya kawaida: unaomba radhi, unachukua nyundo, yanaisha. Lakini hakuwahi hata siku moja kurudishiwa kazi kwa kosa la kufaa. Na hilo ndilo aliloletewa Jumatatu ile asubuhi, ndani ya kapu, na binti wa chuo kikuu mwenye miwani mikubwa.

"Vitatu ni vizuri," alisema yule binti. "Hivi tisa havinifai, fundi. Vina kazi."

"Vina kazi gani?"

"Hiki, kwa mfano. Nimewaonyesha watu watatu, wote wamesema ni cha kuzuia mlango."

"Kwani hakizuii?"

"Kinazuia vizuri sana. Ndiyo shida yenyewe. Mimi mwenyewe nimezuilia mlango wangu tangu Alhamisi."

Binti huyo, ambaye mtaa mzima ulikuwa umeshambatiza Mtafiti, alikuwa akichunguza jambo ambalo Fundi aliposikia mara ya kwanza alidhani anataniwa: jinsi watu wazima, wa miaka ishirini na kitu na wa miaka sitini na kitu, wanavyojifunza majina ya vitu wasivyovijua. Watoto, alisema, wameshachunguzwa hadi wamechoka. Watu wazima ndio hakuna anayewauliza, kana kwamba mtu akishaota ndevu hajifunzi jina jingine tena. Basi ili asimpendelee mtu yeyote, alihitaji vitu ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kuviona: vya kuenea kiganjani, visivyofanana na chochote, visivyo na kazi yoyote duniani. Majina angevipa yeye mwenyewe, ya kubuni.

Fundi alilipokea agizo lile kwa dharau kidogo. Kazi ya nusu siku, alijiambia. Kutengeneza kitu kisicho na maana, nani atashindwa? Kuna watu mtaani wanavitengeneza kila siku na wanajiita mafundi.

Kumbe kuna kazi na kazi. Mkono uliozoea kusudi haukubali kukaa bure. Akichonga duara, linataka kuwa kifuniko. Akitoboa tundu, tundu linaomba kamba. Akiacha kijipembe kimetokeza, tayari ni kitu cha kutundikia kofia. Alikuwa ametoa jasho siku nne kutengeneza upuuzi, na kwa vitu tisa upuuzi ulikuwa umemshinda.

"Niachie," alimwambia Mtafiti, akilivuta kapu upande wake. "Ukija Ijumaa utakuta takataka halisi."

Wote wawili wakacheka, na kando ya mlango, juu ya kigoda, kaka mkubwa wa Fundi naye akacheka. Alicheka kwa sababu wenzake walikuwa wamecheka. Siku hizi ndivyo alivyofuata mazungumzo.

Kaka huyo watu walimwita Mstari. Alikuwa na miaka sabini, na ndiye aliyemfundisha Fundi kushika msumeno. Wakati wake hakukuwa na seremala mkali kama yeye. Alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mbao, polepole, macho ameyafumba, na ole wako kidole kikutane na mkwaruzo. Sasa alikuwa akiletwa kila asubuhi na shemeji yake, mke wa Fundi, kutoka nyumba iliyokuwa nyuma ya karakana, akakalishwa pale mlangoni apate upepo na watu. Saa moja haikupita bila kuokota kitu na kuuliza, "Hii ni nini?" Wakamjibu kwa ile sauti wanayosemeshwa watoto wachanga: hiyo ni randa, kaka, hiyo ni tupa, ya kunolea. Siku moja walimkuta anachana nywele kwa tupa. Kitindamimba wa Fundi aliitoa mkononi mwake kwa upole kabisa, na Mstari akajua amekosea, ila hakujua amekosea nini. Uso aliouonyesha siku ile ulimkaa Fundi rohoni.

Na hapa ndipo penye siri. Fundi hakulikubali agizo la Mtafiti kwa sababu ya kazi. Alilikubali kwa sababu alikuwa na hofu, na mtu anayepima majina alikuwa amejileta mwenyewe mlangoni mwake.

Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa amenyoosha mkono kumwomba binti yake patasi, na jina likakimbia. Patasi! Chombo alichokishika tangu ana miaka ishirini na mitatu. Alisimama kiganja kimefunguka na mdomo umefunguka, hadi akaishia kusema, "Ile... nanihii." Binti akampa, yakapita. Lakini tangu siku hiyo alianza kujipeleleza. Bawaba ilimpotea mara mbili. Mteja aliyemzoea miaka kumi alimwita tu "ndugu yangu" kwa furaha nyingi ili asigundue kwamba jina lake halipo. Mara saba kwa mwezi mmoja. Na kila ilipotokea alitupa jicho mlangoni, kwenye kigoda, akajiuliza ni lini watakuja kuongeza cha pili.

Hakumwambia mtu. Aliogopa wataanza kumjibu kwa ile sauti.

Siku nne za kungojea Ijumaa alichonga kama aliyechanjiwa. Njia aliipata Jumatano: alichukua mabaki ya mbao sakafuni bila kuchagua, akafumba macho kabla ya kuweka msumeno, akakata palipoangukia. Kilichotoka akakilainisha tu. Kitindamimba wake, msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyefanya kazi kwenye duka la simu na kurudi nyumbani mchana kula, alisimama mlangoni akamtazama baba yake anakata mbao kama kipofu.

"Baba, vidole unavitaka au huvitaki?"

"Nyamaza. Niko kazini."

"Naona. Na mbao nazo zinakuona."

Ijumaa Mtafiti alipofika, kumi na moja vilikuwa tayari na cha kumi na mbili kilikuwa mkononi. Kwa vile binti wa watu alikuwa amesimama anasubiri, Fundi alikimalizia harakaharaka na kukitumbukiza kapuni. Mtafiti akavipanga mezani, akavizunguka, akainama, akavitazama kwa jicho moja na kisha kwa jingine.

"Sijui ni nini," alisema, na uso wake wote uling'aa. "Fundi, hakuna hata kimoja ninachokijua!"

Ni sifa ya ajabu kumpa seremala, lakini Fundi aliipokea.

Mtihani ulifanyika humohumo karakanani, kwa sababu watu wa mtaa walishaizoea na hakuna aliyeogopa kuingia. Meza ya kazi ikafagiliwa maranda, ikatandikwa kitambaa. Mtu anakaa, Mtafiti anamwonyesha kitu kimojakimoja na kumtajia jina lake mara tatu: hiki ni gopeka, gopeka, gopeka, hiki ni zuwi, hiki ni lumeki. Vikiisha vyote kumi na viwili, mtu anapewa maji, anaulizwa habari za nyumbani, kisha anaonyeshwa tena kwa mpangilio mwingine na kuulizwa: kinaitwaje? Walipita vijana na walipita wazee, siku tatu mfululizo. Fundi alikuwa akitolewa nje kila mara ili asisikie, akazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Siku ya tatu alijitokeza.

"Na mimi."

"Wewe siwezi kukupima, fundi. Umevitengeneza wewe. Macho yako yameshavizoea."

"Nimevitengeneza, lakini sijui vinaitwaje. Si majina unayoyapima?"

"Haitahesabika."

"Usinihesabu. Nipime tu nje ya daftari."

Mtafiti alimtazama kidogo zaidi ya kawaida, kisha akamvutia kiti.

Kitindamimba alikuwa ametangulia, naye alipata kumi. Aliyataja kama anaita foleni ya wateja: gopeka, nalu, zuwi, tibaso, bila hata kukuna kichwa. Fundi alikaa wima, mikono juu ya magoti, akasikiliza kila jina kwa moyo wote. Alipoulizwa, kitu cha kwanza alikijua. Cha pili alikijua mbao yake, mvule iliyobaki kwenye kabati la mshonaji, akaijua hadi siku aliyoikata, lakini jina hakuna. Cha tatu hakuna. Cha nne akasema jina la cha sita.  Kilipofika kile cha mwisho, kile alichokimalizia haraka, alikigeuza na kukigeuza, akasikia mdomo wake wenyewe unasema, "Hii... nanihii."

Vinne kati ya kumi na viwili.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Naomba nikuulize kitu," alisema Mtafiti, na kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi nyingine, siyo ile ya alama. "Nilipokuwa nakutajia majina, ulikuwa unafanya nini kichwani?"

Fundi hakutegemea swali hilo. Alifikiri.

"Nilikuwa natafuta sababu. Unasema hiki ni gopeka, mimi najiuliza kwa nini gopeka? Nikakiona kimeinama, kama mtu aliyepigwa na baridi, nikasema sawa, huyo ni gopeka. Zuwi ukiizungusha mezani inavuma, nikasema sawa. Hivyo vilivyo na sababu vimekaa. Sasa lumeki, lumeki ya nini? Bado natafuta sababu ya lumeki, wewe umeshafika kingine."

"Na wewe?" Mtafiti alimgeukia Kitindamimba.

"Mimi sikutafuta kitu. Nimeyachukua kama yalivyokuja."

"Huyu anameza," alisema Fundi kwa uchungu. "Mimi natafuna."

Mtafiti aliandika hilo neno kwa neno, akalipigia mstari. Kitindamimba alipokwisha kurudi kazini, aligeuza daftari na kumwonyesha Fundi safu ya wenye umri wake, bila kumtajia mtu: tano, tatu, nne, sita, tatu, tano. "Hawa wote ni wazima kabisa," alisema. "Uko katikati ya wenzako."

Ndipo Fundi alipoashiria mlangoni kwa kidevu, kwenye kigoda, na kusema kwa sauti ya chini yale ambayo hakuwa amemwambia mtu. Na yeye, kaka, si aliwahi kuwa katikati ya wenzake? Ilianza hivihivi, majina.

Mtafiti alivua miwani. "Mimi si daktari, fundi. Daftari langu haliwezi kukujibu hilo, na sitakudanganya. Kapimwe. Lakini kabla ya hapo kamwambie mtu wa nyumbani kwako."

Chakula cha mchana siku ile Fundi alikichezea. Mke wake alikuwa mwanamke asiyependa kuona sahani inazungushwa, na hakuwa na adabu za kusubiri mtu ajisikie tayari.

"Sema."

"Niseme nini?"

"Hicho unachokitafuna badala ya wali."

Akasema. Patasi, bawaba, mteja, mara saba kwa mwezi, vinne kati ya kumi na viwili. Alisema akitazama chini, hadi akafika kwenye kigoda cha pili. 

"Mara saba?" aliuliza mke wake. "Mume wangu, wewe huna hesabu. Ni zaidi ya ishirini. Nani unadhani anakumalizia sentensi zako humu ndani?"

"Kwa hiyo unajua!"

"Najua. Na mimi juzi nimeita mwiko kijiko, na jina la dada yako mdogo nimelitafuta kutwa nzima. Sasa nisikilize. Ulikuwepo kaka yako alipoanza?"

"Nilikuwepo. Alianza kusahau majina."

"Hukuwepo. Ulikuwa kule kwenye kazi ya madawati, mimi ndiye niliyekuwa naye. Shemeji hakuja kuniuliza nyundo inaitwaje. Alikuja ameshika nyundo, analijua jina lake, akaniuliza, 'Shemeji, nyundo hii inafanya nini?'" Alisimama na kuchukua sahani. "Wewe unasahau jina la kitu. Yeye alisahau kitu. Hospitali tutakwenda, Jumanne, tena nakwenda na wewe nikusikie unavyomjibu daktari. Lakini usinizikie mume angali anakula. Na ule."

Alikula. Hata akaongezewa.

Jumanne walikwenda. Daktari alimwuliza mambo mengi, akamchorisha saa, akamtuma kuhesabu kinyumenyume, akasema arudi baada ya mwaka mmoja, au mapema kama patatokea jambo. Fundi alitoka bila kujua afurahi kiasi gani. Mwaka si jibu, ila mwaka ni mwaka, na siku hizi alikuwa amejifunza kuupokea.

Siku ya nane baada ya mtihani, Mtafiti alizuka tena bila taarifa na kapu lake. Hakuwa amemwambia mtu kwamba kuna mara ya pili, na hiyo ndiyo ilikuwa hila yenyewe: alitaka kuona nini kimebaki kwa mtu asiyejiandaa. Kitindamimba alishtukizwa katikati ya chakula, akapata sita.

"Lakini nilikuwa nayo!" alilalamika, akitazama meza kama aliyeibiwa. "Wiki iliyopita nilikuwa na majina kumi!"

Fundi alipata vinne. Vilevile vinne, gopeka na zuwi na wenzao wawili, kila kimoja na sababu yake. Vingine vinane havikurudi. Bado binti yake alikuwa amemzidi, na hakuna mtu aliyejifanya vinginevyo, lakini Fundi alijikuta anataka kujua. Hofu ilikuwa imempisha kidogo, na nyuma yake palikuwa na swali.

"Na ungenipa wiki nzima nitafute sababu? Ningezipata zote?"

"Sijui," alisema Mtafiti. "Sijui kabisa. Ningependa sana kujua." Akalifunga daftari na kulisukuma kapu kuelekea kwa Fundi. "Hivi baki navyo. Mimi havinifai tena. Jana mwenye duka la dawa ameniuliza zuwi hajambo. Vimeshajulikana."

"Kwa hiyo vyangu vimerudishwa mara mbili. Mara ya kwanza vina kazi, mara ya pili vina majina."

"Utanitengenezea vingine?"

"Nitakutengenezea. Lakini safari hii usinisimamie."

Alipoondoka, karakana ilibaki na ndugu wawili. Fundi alitafuta mahali pa kuliweka lile kapu, na mahali palipokuwa wazi ni sakafuni karibu na kigoda. Aliliweka hapo, akarudi kwenye randa yake.

Hakuwa amepiga randa mara kumi aliposikia.

"Hii ni nini?"

Aligeuka. Mstari alikuwa ameshika kimoja, ameketi mbele kidogo, mabega tayari yamejikunja kungojea ile sauti. Mdomo wa Fundi ulikuwa umeshaanza kuifanya. Kisha akakitazama kile kitu mkononi mwa kaka yake, kile cha mwisho, na sauti ile ikamshinda.

"Sijui, kaka."

"Hujui?"

"Nimekitengeneza mimi mwenyewe, na sijui ni nini."

Mstari alikitazama upya. Alikigeuza juu chini, akakipima uzito, na hakuna mtu aliyekuja kukitoa mkononi mwake, kwa sababu hapakuwa na namna ya kukishika vibaya. Mabega yakashuka.

"Kinaitwaje?"

Fundi aliutafuta ulimi, akatafuta sababu, akatafuta tena. Hakukuwa na kitu.

"Nimesahau."

"Hata mimi!" alisema Mstari, akacheka, na safari hii hakuwa amemsubiri mtu acheke kwanza. Fundi naye akacheka hadi akaegemea meza, machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Alipojifuta, kaka yake alikuwa amefumba macho. Kidole gumba kilikuwa kinapita kwenye ukingo wa ile mbao, polepole. Kikaenda, kikafika mwisho, kikarudi nyuma kidogo, kikasimama.

"Mdogo wangu," alisema Mstari, kwa ile sauti yake ya zamani isiyokuwa na mchezo. "Hapa hukupiga msasa."

Fundi alikipokea na kupitisha kidole chake mwenyewe. Ni kweli, hakuwa amepiga.

"Samahani, kaka," alisema, na akainama kutafuta msasa.